Boga la Bonifasia

Bonifasia alikuwa na kipaji ambacho hakuna aliyekiombea kanisani: alijua kuiga watu. Alimwiga padre akitafuta miwani iliyoko usoni pake. Alimwiga mwenyekiti wa kijiji akikohoa kabla ya kusema uongo. Alimwiga mumewe, mzee Modestus, kwa kukaa kimya tu, na watu wakavunjika mbavu. Lakini mwaka ule wa tisini na nane, pale kijijini kwao Ngara, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka kambi ya wakimbizi wa Burundi, hakuna aliyeigwa akaigika kama Audax.

Audax alikuwa kijana mwembamba wa pale pale kijijini ambaye shirika moja la kambini lilimfanya mhamasishaji wa afya. Walimpa fulana iliyomfika magotini, filimbi, na mwanasesere wa plastiki asiye na nywele. Jumapili moja baada ya misa akapuliza filimbi uwanjani, akawazuia akina mama wasiende kupika, akaanza somo la watoto kusakamwa na vitu kooni.

"Mama zangu, shikamooni," alisema. "Mtoto anayetambaa, mkono mmoja ni wa kutambalia, mwingine ni wa kupeleka vitu mdomoni. Pigeni magoti, mwione nyumba kama anavyoiona yeye. Karanga, punje ya mahindi, kifungo, mbegu, vyote viondoke anapofika. Akikohoa, mwacheni akohoe, atakitoa mwenyewe. Anayenyamaza ndiye anayekufa, huyo mpigeni mgongo."

"Na aliyenyamaza miaka thelathini," Bonifasia akauliza kutoka nyuma, "naye tumpige mgongo?"

Uwanja mzima ukageuka kumtazama Modestus. Modestus akatazama viatu vyake.

Audax hakucheka. Alimlaza mwanasesere kifudifudi kwenye mkono wake, kichwa kikiwa chini kuliko matako, akamshika taya, akampiga kwa kiganja katikati ya mabega, akihesabu kwa sauti ya mwimbaji wa zaburi. Mara tano. Kisha akamgeuza chali, vidole viwili katikati ya kifua, akabonyeza mara tano. Kisha mgongo tena. "Wala msitumbukize kidole kupapasa msichokiona," alimaliza, "mtakisukuma ndani zaidi."

Jioni ile ile, kwenye sala ya jumuiya kwa jirani yake Deodata, Bonifasia alichukua boga. Lilikuwa boga refu lenye shingo, ukubwa wa mtoto wa miezi tisa hivi. Akavuta gauni likawa fulana ya Audax, akakunja uso kwa huruma ya kitaalamu, akalilaza boga mkononi na kulitandika. "Mojaaa! Mbiliii!" Deodata alicheka mpaka akaomba maji. Tangu siku hiyo ikawa desturi. Msibani, shambani, kwenye foleni ya kisimani, watu walimwambia, "Mama Anastazi, tufanyie Audax," naye aliokota chochote chenye umbo la mtoto akakifanyia. Kufika mwezi wa nane alikuwa amewaokoa maboga wasiopungua arobaini.

Sasa, huyo Anastazi mwanawe alikuwa ameoa msichana wa kambini, Niragira, mpole, mchapakazi, mwenye Kirundi kilichokaribiana sana na Kihangaza chao hata ugomvi wao haukuhitaji mkalimani. Walikuwa na mtoto mmoja, Iradukunda, msichana wa miezi kumi, mashavu kama maandazi. Anastazi alikwenda Nyantakara kufyatua matofali, akamwacha mkewe na mtoto kwa mama yake. Hapo ndipo taarifa ilipokuja. Niyomugabo, baba yake Niragira, alikuwa amepata kibali cha kutoka kambini kwa siku moja. Anakuja kumwona mjukuu. Na kama hataridhika na malezi, atarudi na binti yake na mtoto kambini, ambako kuna hospitali na maziwa ya unga, mpaka mume atakapokumbuka njia ya nyumbani.

Bonifasia alimpenda yule mtoto kupita kiasi, na hakuona aibu kulisema. Alilala naye, aliimba naye, alimweleza umbea wote wa parokia. Kuchukuliwa Iradukunda kungekuwa sawa na kung'olewa jino bila ganzi. Kwa hiyo akaamua kumpokea mkwe kwa heshima ambayo kambi nzima haijawahi kuiona.

Alifagia. Alichinja jogoo. Alimfungia Modestus vifungo vya shati mpaka shingoni. Kisha akatoa kikapu.

Mama yake Bonifasia alikuwa Mhaya, na alimwachia vitu viwili: ulimi, na kikapu kidogo chenye mfuniko, cha kuwekea kahawa za kutafuna, zile buni zinazochemshwa na majani ya harufu, zikakaushwa na maganda yake. Mgeni wa heshima akifika anafunuliwa kikapu, anachukua mbili tatu, anatafuna, mazungumzo yanaanza. Na kikapu kile kilikuwa na sheria. Kikishafunuliwa mbele ya mgeni, hakiondolewi mpaka mgeni mwenyewe aage. Kukiondoa ni kumwambia mtu fimbo yako ile pale, mlango ule pale.

Niyomugabo alifika saa nane mchana, mzee mrefu mwenye koti la mtumba na fimbo iliyonyooka kuliko yeye. Alikaribishwa kwenye kiti chenye mto. Kikapu kikawekwa mbele yake juu ya kigoda, na kigoda kile, kwa bahati mbaya, kilikuwa na kimo cha kifua cha mtu anayetambaa.

Niragira, akipita kwenda jikoni nje, aliinama na kumnong'oneza mkwewe. "Mama, kikapu kiko chini. Mtoto atazifikia."

"Unataka nimfukuze baba yako?" Bonifasia alinong'ona kwa hasira. "Nenda kageuze kuku."

"Audax alisema..."

"Audax akageuze yeye basi!"

Niragira akaenda kugeuza kuku.

Mzee Niyomugabo alichukua kahawa moja, akaitafuna kwa mashaka. Kwao kahawa wanailima na kuiuza, hawaili kama mbuzi. Lakini alikuwa mtu wa adabu, akameza, akasifu. Bonifasia akaona mambo yananyooka. Akaanza kueleza jinsi mtoto anavyokula, anavyolala, jinsi meno yake mawili yalivyoota kwa wakati mmoja kama mapacha. Akaeleza kuhusu uji wa ulezi. Akaeleza kuhusu Anastazi, akamsifu kuliko ukweli ulivyoruhusu. Deodata, aliyealikwa kuongeza uzito, aliitikia kila sentensi. Mkwe alikuwa anatikisa kichwa kwa kukubali, na Bonifasia aliona kabisa kwamba mtoto anabaki.

Ndipo Modestus akasema, "Mtoto kanyamaza."

Kwanza walishangaa kwamba amesema. Ndipo wakatazama chini.

Iradukunda alikuwa amekaa kando ya kigoda, mkono mmoja bado umeshika ukingo wa kikapu. Mdomo ulikuwa wazi. Macho yalikuwa yamemtoka, na kifua kilivuta bila kupata kitu. Hakulia wala hakukohoa. Midomo ilikuwa inageuka rangi.

Kila mtu akawa daktari. "Mmwagieni maji utosini!" Deodata alipiga kelele. "Mpeni tonge la ugali, lisukume!" Niyomugabo aliinuka akaangusha fimbo, akimwita Mungu kwa Kirundi, "Mana yanje! Mana yanje!", akanyoosha kidole kirefu kukitumbukiza mdomoni mwa mtoto. Na Bonifasia, mwanamke aliyekuwa na la kusema hata kwenye maziko ya maadui zake, hakuwa na neno hata moja. Kichwa chake kilikuwa kitupu.

Lakini mikono yake haikumsubiri. Mikono ilikuwa imeshafanya kazi hii mara arobaini. Ilisukuma kidole cha mkwe pembeni, ikamwinua mtoto, ikamlaza kifudifudi juu ya mkono wa kushoto, kichwa chini, taya kwenye vidole, na kiganja cha kulia kikashuka katikati ya mabega.

"Mojaaa!" Bonifasia akajisikia akisema, kwa sauti ile ile ya Audax, ya puani, ya zaburi, kwa kuwa hakujua kuhesabu kwa nyingine. "Mbiliii! Tatuuu!"

"Unampiga mjukuu wangu!" alinguruma Niyomugabo.

Niragira akaingia mbio na mwiko mkononi. Akamwona mwanawe ananing'inia kichwa chini na mkwewe anamtandika mbele ya baba yake, huku akiimba. "Mama, unamuua!"

"Nneee! Tanooo!"

Hakuna kitu. Akamgeuza. Vidole viwili katikati ya kifua, mara tano, na machozi yake yakawa yanadondokea tumboni mwa mtoto. Akamrudisha kifudifudi. Mojaaa. Mbiliii.

Kwenye ya tatu, kahawa ilitoka, ikadunda sakafuni, ikaishia kwenye kiatu cha mkwe. Iradukunda akavuta hewa kwa mlio wa mlango mbovu, kisha akalia. Alilia kwa hasira na kwa mapafu yote, na hakuna kwaya ya parokia iliyowahi kumfurahisha Bonifasia namna ile. Akakaa chini pale pale na mtoto kifuani, akalia naye.

Niragira alimchukua mwanawe. Niyomugabo akaokota kahawa kutoka kiatuni, akaigeuza geuza kwenye kiganja. Ilikuwa nzima, na ganda lake.

"Nani alikufundisha hivyo?" aliuliza.

Bonifasia angeweza kudanganya. Alikuwa na uongo wa aina tatu tayari, wote mzuri. "Audax," alisema. "Kijana wa afya. Nilikuwa namcheka. Na mkwe, mwanao aliniambia niondoe kikapu, nikakataa. Niliogopa utadhani nakufukuza. Nilitaka unione mtu wa maana. Karibu nikuue mjukuu kwa heshima. Kama unawachukua, wachukue, sina mdomo wa kukuzuia."

Hata Modestus alionekana kutaka mtu aseme kitu.

"Kambini walitufundisha pia," Niyomugabo alisema mwishoni. "Walikuja na mwanasesere. Mimi nilisinzia." Akakitazama kidole chake kirefu, kile alichotaka kukitumbukiza, akakikunja taratibu. "Ningemchukua, angesakamwa kwangu."

Kisha akafanya jambo ambalo halikuwahi kufanywa na mgeni yeyote katika nyumba ile. Akafunika kikapu, akakibeba mwenyewe, akanyoosha mkono wake mrefu na kukiweka juu ya kabati, asikofika mtoto wala bibi yake. "Nimejifukuza," alisema, akarudi akaketi. "Sasa leteni huyo kuku. Na mnyofoleeni mifupa kabisa."

Alikula, akasali, akaondoka jua likiwa bado juu, kibali mfukoni. Mtoto alibaki.

Siku iliyofuata Bonifasia alizunguka nyumba nzima kwa magoti, akipita chini ya kitanda, nyuma ya mtungi, pembeni mwa kinu. Alipata kifungo, punje tatu za mahindi, mbegu za boga, na jino la bandia la marehemu shemeji yake. Modestus alisimama mlangoni akimtazama. Kisha akapiga magoti naye.

Jumapili, kwenye jumuiya, sala ilikuwa haijaisha vizuri. "Mama Anastazi," Deodata alisema, tayari anacheka, "tufanyie Audax." Audax mwenyewe alikuwa amekaa kwenye benchi la nyuma na fulana yake, akajifanya anasoma kitabu cha nyimbo.

Bonifasia akalichukua boga. Akalilaza mkononi, kichwa chini, akalishika shingo. Akapiga mara moja, taratibu, akihesabu kwa sauti yake mwenyewe, na kicheko kikaisha chenyewe. Akamaliza tano. Akageuza, akamaliza tano nyingine. Kisha akaenda mpaka alipokaa Deodata, akamlazia lile boga mkononi.

"Zamu yako," alisema. "Na usicheke. Huyo kanyamaza."