Mzee Dionis na Ubao wa Macho

Mwizi wa kuku unaweza kumsamehe, lakini mwizi wa asali, thubutu! Huku kwetu ng'ambo ya reli ya Kigwa hata pombe haonjeshwi. Sasa fikiria Mzee Dionis, mrina asali tangu ujana wake, mzee wa kanisa, kashitakiwa mbele ya kamati ya kijiji cha ujamaa kwamba karina mzinga wa jirani yake Kashindye. Na kila mzinga una alama ya mwenyewe, imechongwa kwa shoka: wa Dionis michirizi mitatu, wa Kashindye duara.

Ukweli ni kwamba Dionis haoni mbali. Akitazama juu ya mti, mzinga ni ukungu na alama ni hadithi. Lakini angesemaje? Mrina asali asiyeona hapandi mti. Angepelekwa kulinda kuku wa kijiji. Bora afe.

"Macho yangu mazima!" aliiambia kamati.

"Basi alama uliiona," akasema mwenyekiti.

Kamati ikaamua: gari la macho linakuja kutoka Tabora mjini, mzee akapimwe. Macho yakiwa mabovu, ile ni bahati mbaya. Yakiwa mazima, ni mwizi.

Mwenye akili angemshukuru Mungu. Koleta, mkewe, alimsihi: "Mume wangu, nenda ukashindwe!" Wapi! Dionis hajawahi kushindwa mtihani. Hata katekisimu aliikariri yote bila kujua kusoma. Siku ya kupimwa akawahi kwenye darasa la shule lililotengwa kwa upimaji, akakaa karibu na mlango, akatega sikio. Ubao ulikuwa na alama mfano wa reki, na mgonjwa anataja meno ya reki yanatazama wapi. Kila aliyemtangulia alitaja kwa sauti: juu, kulia, chini, chini, kushoto. Zamu yake ilipofika alikuwa na orodha yote kichwani kama Baba Yetu.

Muuguzi alikuwa Fakhria, binti wa Waarabu wa mjini, mpole lakini mwenye jicho la kuku aonaye mwewe.

"Shikamoo, mzee. Ziba jicho moja."

"Marahaba, binti yangu. Juu, kulia, chini..."

"Ngoja, baba, sijakuonyesha."

"Mmesikia?" Kashindye akapaza sauti dirishani. "Anaona hata kabla ya kuonyeshwa! Mwizi huyo!"

Hapo Dionis akaona kwamba kila jibu sahihi linamsogeza kwenye wizi, lakini mdomo ulishazoea kufaulu, haukujua njia nyingine. Fakhria akamtazama, akautazama ubao, kisha akautungua taratibu na kuuficha nyuma ya mlango. Akagusa ukuta mtupu kwa fimbo.

"Haya, mzee. Hii?"

"Juu."

"Hii je?"

"Kulia."

"Na hii ndogo kabisa?"

"Chini, binti yangu. Mbona iko wazi!"

Darasa zima likaangua kicheko, mwenyekiti akashika mbavu. Koleta alicheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi yenyewe yalikuwa ya furaha: mumewe si mwizi, ni mbishi tu. Fakhria akapekua sanduku la miwani, akajaribisha hii na ile, mpaka mzee akamaka kwa mshangao.

"Koleta! Kumbe umezeeka!"

"Karibu," akajibu Koleta. "Mimi uzee wako niliuona zamani."

Kashindye peke yake ndiye aliyenuna. Akataka waende porini sasa hivi, mwenyekiti awe shahidi, Dionis aonyeshwe mizinga asije akakosea tena. Wakaenda. Kashindye akasimama chini ya mti wa mninga, akanyoosha mkono kwa majigambo.

"Ule ndio wangu. Kila msimu naurina mimi. Tazama duara lile, zuri!"

Dionis akaiweka sawa miwani yake mipya. Akatazama. Akatazama tena. Kisha akamgusa mwenyekiti begani, na mwenyekiti naye akatazama.

"Michirizi mitatu," akasema mwenyekiti.

Kashindye akakunja uso, akainamisha kichwa huku, akakiinamisha kule. Asali ya Dionis ya misimu yote hiyo ilikuwa tumboni mwake. Akanywea, na Dionis, aliyejua uchungu wa kuitwa mwizi, akamwonea huruma kweli kweli. Akamshika mkono.

"Gari la macho bado lipo, ndugu yangu," akasema. "Twende upesi. Na tukifika, chonde, shindwa!"