Koti la Mama wa Kodi

Mume wangu ni fundi cherehani, na kwa ubishi hana mpinzani. Nilimwambia pesa uliyopata unaitaja mwenyewe kwa watu wa kodi, uwe umepewa karatasi ya malipo au hukupewa. Wapi. Sikio la kufa halisikii dawa, nikamsindikiza ofisi ya kodi.

"Hakuna mteja aliyeniandikia karatasi," akamwambia afisa, mama mmoja mtu mzima. "Kwa hiyo mwaka huu sikupata kitu."

Yule mama hakubishana. Alivuta tu bega la koti lake. "Sawa, baba. Ila aliyelishona hili hajui kazi."

Mume wangu akasimama. "Mama, hilo nimelishona mimi. Na la bosi wako, na sare za kwaya yenu, na suti za mabwana harusi wa mtaa mzima."

Mama akachukua kalamu. "Taratibu, fundi. Tuanze na kwaya."