Nato Nyumbani kwa Minowa

Ukuta wa sebule ya akina Minowa, watengenezaji wa sake, pombe ya mchele, wa Niigata, ulikuwa umejaa picha za mabwana wa nyumba hiyo, baba na mwana, baba na mwana. Kila Mwaka Mpya Sadae, binti wa nyumba, alizifuta vumbi, na kila mwaka alizidi kuzidharau. Yule wa kwanza alijenga kiwanda kwa mali aliyokuja nayo mkewe. Yule mwenye masharubu aliuza mashamba ya mpunga, fedha akazimalizia kwenye starehe mjini. Babu yake Sadae naye alikwenda vitani, na kiwanda kikabaki kwa bibi Itono, aliyekoroga mapipa huku ana mimba kubwa. Babu aliporudi, mapipa yakichemka povu, alikaa kitini akapigwa picha. Picha ya bibi je? Thubutu!

Na sasa kaka yake, Morihiko, aliyerudi kutoka Osaka baada ya mgahawa wake kufa, alikuwa amesimama chini ya picha hizo akiwasimulia wageni wa kampuni ya mahoteli.

"Katika historia yetu yote, mwanamke hajawahi kuitia mkono sake hii," alisema, kifua mbele. "Mungu wetu wa sake ni wa kike, ana wivu."

Sadae aliguna. Mungu gani huyo mwenye wivu, asiyemwona yeye miaka yote hii? Ni yeye aliyelala na kuamka na chumba cha koji, kile chumba cha joto ambamo mchele uliopikwa kwa mvuke huoteshwa ukungu mweupe wa kuufanya mtamu. Wafanyakazi waliosha mchele na kubeba mapipa, lakini mle ndani aliingia yeye peke yake. Mikono yake ilikuwa imepasuka kwa maji ya baridi. Ya Morihiko ilikuwa laini kama ya mtoto mchanga.

Baba yao, mzee Kinjiro, alikuwa ameahidi kumtaja mrithi majira haya ya baridi. Sadae aliitaka nyumba hiyo. Aliitaka hasa, wala hakuona haya.

Wageni walilala hapo, na asubuhi Sadae alipopita jikoni, harufu kali ilimpiga usoni.

"Kaka, umewalisha nini hawa watu?"

"Nato. Kifungua kinywa cha kwetu hicho. Wameipenda kweli!"

"Nato? Msimu wa sake? Humu ndani?"

Mtoto wa mtengenezaji sake hulijua hili kabla hajajua kufunga viatu. Theluji ikianguka, nato haiingii nyumbani mpaka pipa la mwisho likamuliwe. Nato ni soya iliyochachushwa mpaka ikavuta nyuzi, na vijidudu vyake vikiingia chumba cha koji, mchele wote unakuwa utelezi, wa kutupwa.

"Acha ushamba, mdogo wangu. Nimenawa mikono."

Akawaongoza wageni kuelekea chumba cha koji, uzi wa nato ukimng'aa kidevuni. Sadae akajiambia, mwache aingie. Mwache aharibu, baba ajionee mwenyewe, yaishe. Lakini mle ndani mlikuwa na mchele alioutandaza kwa mikono yake alfajiri. Akakimbia, akasimama mlangoni, mikono ameitanua.

"Hapiti mtu!"

"Sadae, unaniaibisha mbele ya wageni!"

"Aibu umejipaka mwenyewe, tena iko kidevuni. Jifute."

Mzee Kinjiro alifika na mkongojo wake. Alimnusa mwanawe mdomo, akageuza uso. Aliwainamia wageni, akawaomba radhi, akawasindikiza mpaka kwenye gari.

Mchana aliwaita wanawe sebuleni.

"Sadae, leo umeiokoa nyumba hii."

Ndiyo leo, Sadae alijiambia.

"Basi endelea kumwangalia kaka yako hivyo hivyo, maana kuanzia leo yeye ndiye bwana wa nyumba. Ndiye mwana wa kwanza, mama. Nifanyeje?"

Morihiko alishainama, paji la uso sakafuni, asije mzee akabadili mawazo. Sadae alimtazama baba yake. Tangu utoto alikuwa akimwogopa. Sasa aliona picha nyingine tu, inayosubiri fremu.

Kesho yake Morihiko alimkuta jikoni, aproni ameivua, bakuli liko mbele yake. Lilikuwa na nato iliyobaki ya wageni, anaikoroga polepole mpaka inavuta nyuzi.

"Sadae! Mchele unatakiwa kugeuzwa sasa hivi!"

"Najua."

"Sasa unafanya nini?"

"Nakula."

"Lakini ukila hiyo huwezi kuingia mle ndani!"

"Hewaa! Kumbe unaijua sheria."

"Nani atageuza, sasa? Mimi sijui hata pa kuanzia!"

Sadae alielekeza vijiti vyake vya kulia sebuleni, kule kwenye ukuta wa picha.

"Waite wale," alisema, akaongeza haradali.