Shimo la Mtama wa Harusi

Kimiya hakuwa na raha tangu asubuhi. Wageni wa harusi ya binti yake walishafika, unga umekwisha, na mtama uko ardhini, katika shimo lililozibwa kwa udongo na samadi tangu mavuno. Mwaka ule mvua ilipenya. Walipofunua tu, harufu ya uchachu ikawapiga puani.

"Tuliache wazi mpaka jua la utosi," alisema.

"Wageni wale maneno yako?" mumewe, Mumme, akamcheka.

Jamani, mtama si mawe! Punje ni mmea uliolala, nao unapumua: huvuta hewa safi, hutoa hewa nzito. Shambani, jua likiwaka, majani hufanya kinyume. Hula ile nzito na kuturudishia safi, ndiyo maana tunaishi. Shimoni hakuna jua wala jani. Na punje zikilowa hupumua kwa pupa mpaka hewa safi iishe, ile nzito itulie chini, isionekane.

Ndiyo maana watu wa milima yetu ya Harar huteremsha taa kwanza mpaka chini: ikizimika, hakuna anayeshuka. Mumme naye aliteremsha, lakini kwa kamba fupi, kwa kuwa ndefu iko kwa jirani yao Bakar na yeye ana haraka. Taa ikaning'inia katikati ya shimo, ikawaka vizuri.

"Umeona, Mama Alisho? Woga wako tu!"

Alisho, mtoto wao wa kwanza, mwanamume mwenye ndevu zake, akashuka na kikapu. Alipoinama kuchota, wakasikia kishindo.

"Alisho! Wee Alisho!"

Mumme akaingiza miguu shimoni. Kimiya akamrukia, akamkumbatia kiunoni, wakaanguka wote wawili.

"Niache! Mwanangu!"

"Na wangu je? Ukishuka nitazika wawili!"

Mumme alimpiga usoni, naye Kimiya hakumwachia. Bakar alikuja mbio na kamba na kulabu ya kuopolea ndoo kisimani, akahangaika mpaka ikanasa mkanda. Wakamtoa Alisho akiwa na joto bado. Bakar akampulizia hewa kinywani, akampulizia tena na tena. Hakuamka.

Walipotoka kuzika, Mumme alikaa chini uani, hamtazami mtu.

"Ungeniacha nimfuate," akasema.

"Nilitaka kukuachia," Kimiya akamjibu. "Wallahi, nilitaka."