Maji ya Ua la Qali

Mbuzi wa jirani aliingia kibandani mwa Osob mchana kweupe, akalila ua la Qali karibu lote, akabakiza shina na majani machache. Osob aliketi chini akalia, wenzake kambini wakamshangaa. Mwaka ule wa sitini na saba ngamia walikuwa wakifia ndani ya seng'enge serikali ilimowafungia wafugaji na watu wakizikwa kila wiki, halafu huyu mama analilia majani?

Lakini Qali, mwanawe wa pekee, hakuacha kitu kingine duniani. Mmea ule alipewa na Mueni, mke wa mwalimu kutoka Kitui, akaupanda kwenye kopo la mafuta ya kupikia. Ulikuwa na majani mekundu yasiyo na faida yoyote, hayapikwi wala si dawa, na Qali aliyapenda hivyo hivyo. Miezi miwili nyuma alitoka langoni kumfuata mwanambuzi aliyepotea, risasi ikampata tumboni. Ya askari au ya waasi wa shifta, nani angemuuliza nani?

Osob alilichukua lile shina hadi nyumbani kwa Mueni, nje kidogo ya lango. Mueni alikata vipande vitatu, kila kimoja chini ya fundo, akang'oa majani ya chini, akavichomeka kwenye udongo wa mtoni aliouchanganya na mchanga.

"Viweke kivulini, Mama Qali. Maji kidogo tu, udongo ukikauka. Ukizidisha vitaoza, maana bado havina mizizi."

Osob aliitikia kwa kichwa, ila hakumwamini hata chembe. Alikulia visimani, na kwao mnyama hunywa mpaka ageuze mdomo mwenyewe. Kumwondoa kabla ya hapo ni ukatili. Kwa hiyo kila siku aligawa mgao wake wa maji, nusu akanywa, nusu akamimina kwenye kopo. Siku ya sita kipande kimoja kililegea, akakiongezea maji. Kesho yake cha pili. Alipovivuta, chini vilikuwa vyeusi na vinanuka.

Akarudi kwa Mueni.

"Walaal, ndugu yangu, nimeua viwili."

"Ulitia maji kiasi gani?"

"Nusu ya yangu, kila siku."

"Hiki kilichobaki usikipe hata tone, siku nne. Mchana kitalegea. Kiache tu, dada yangu."

Siku ya pili, jua lilipokaza, yale majani machache yakainama. Osob akashindwa kuyatazama, akashindwa kuondoka. Qali alikufa akiomba maji. Dresa, mhudumu wa zahanati ya kambi, alikuwa amekataza, mwenye jeraha la tumbo asinyweshwe, naye Osob akatii tangu asubuhi hadi alasiri, kibuyu kimejaa mapajani mwake. Mtoto alimwita mama, akamwita tena, halafu akaacha.

Alijua Mueni anasema kweli. Alijua kwamba akikinywesha atakiua.

"Kunywa, hooyo," alisema, kama mama wa kwao amwitavyo mwanawe, akamimina mgao wake wote wa siku ile mpaka maji yakafurika juu ya udongo.