Mkanda wa Sylvanus

Mpaka saa saba mchana wanaume watatu walikuwa wameshaingiza mikono yao tumboni mwa lori langu, na wote waliitoa mitupu. Nilikuwa nimesimama katika gereji ya Eliufoo pale Majengo tangu saa tatu asubuhi, nina njaa na nina hasira. Hasira mimi ninazo hata nikishiba, wanaonijua wanajua.

Lori lilikuwa la marehemu mume wangu, Sylvanus. Alipofariki, ukoo ulikaa kihambani, kwenye shamba letu la ukoo kule Kibosho, na mdogo wake, shemeji yangu Basili, akasema lori si kitu cha kumwachia mwanamke, bora alichukue yeye. Nilikataa mbele ya wazee wote. Wakashauriana, wakakata shauri: lori libaki kwa Bernadetha, ila siku litakapokwama na watu wakakosa safari yao, Basili aje alichukue na mimi nisiseme neno. Mwaka mzima na miezi mitatu sikumpa nafasi hiyo.

Sasa ilikuwa Ijumaa. Kesho yake nilikuwa nimeahidi kubeba watoto arobaini na wawili wa kigango chetu kwenda parokiani kupokea kipaimara. Askofu alikuwa hajafika kwetu kwa miaka miwili, na askofu hangoji lori la mtu. Asubuhi hiyo dereva wangu, Hosea, akakuta oili imetapakaa chini ya injini. Tukateremka taratibu mpaka mjini, Eliufoo akalala chini akachungulia, akasema filta ya oili imechoka na mpira wake unavujisha. Tukipanda mlima na watoto wale, oili itakwisha njiani na injini itajifia.

Filta mpya haikuwa shida. Zamani ungeandika barua na kungoja miezi. Siku hizi za ruksa maduka yamejaa, kazi yako ni kuigonga kwa ukucha usikie kama ni bati la kweli au ni karatasi iliyopakwa rangi. Shida ilikuwa kuitoa ile ya zamani. Imejificha juu kabisa, katikati ya stata na chuma cha chesisi, na mbele yake kuna bomba la usukani. Macho hayafiki. Mkono unafika, lakini ukishafika hauna mahali pa kujizungusha. Na kwa sababu haifikiki, kila aliyebadilisha oili tangu Sylvanus afariki alimwaga oili tu na kuiacha filta palepale, ikazidi kuganda.

Eliufoo ni fundi mpole, anaongea kama anayehesabu maneno yake. Alijaribu kwanza kwa mkono, amevaa kipande cha msasa kiganjani. Ikateleza. Akaleta spana ya mnyororo. Mnyororo ulizunguka vizuri, lakini mpini wake ulikuwa mrefu, kila ukisogea kidogo unagonga chesisi. Hosea akajaribu, na fundi wa jirani naye akajaribu, kila mmoja akidhani mwenzake hajui kushika.

Hapo ndipo Basili alipotokea. Sikumwita. Mji wa Moshi ni mdogo, na lori lililosimama lina mdomo. Akasalimia, akazunguka lori mara mbili kama mtu anayekagua ng'ombe wa mahari, kisha akaomba bisibisi kubwa na nyundo. Alisema hakuna haja ya kusumbuka: itobolewe ubavuni, bisibisi ipenye upande wa pili, kisha iwe mpini wa kuzungushia.

Eliufoo alieleza kwamba njia hiyo ipo, ila ni ya mwisho. Bati la filta hii ni jembamba. Likichanika, shingo yake itabaki imeng'ang'ania kwenye injini bila kitu cha kushika, na lori litalala pale mpaka Jumatatu. Basili akajibu kwamba lisipotobolewa litalala pia. Uso wake haukuwa wa mtu anayesikitika.

Nikasema nataka kuishika mwenyewe. Hosea alicheka, nikamtazama akaacha. Miaka yote Sylvanus hakutaka niguse injini, alisema lori moja halifai kuwa na waganga wawili. Nikakaza kanga kiunoni, nikapiga magoti juu ya gunia, nikapenyeza mkono nyuma ya lile bomba mpaka vidole vikagusa bati lenye mafuta. Nikaupima mzingo wake kwa kiganja. Na mkono wangu ukaujua kabla ya kichwa.

Ulikuwa mzingo wa mfuniko wa pipa langu la mbege.

Naomba nieleze. Napika mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, na ninayo mapipa mawili madogo ya plastiki yenye mifuniko ya kuzungusha. Mbege ikianza kuchachuka mfuniko unakaza, haufunguki kwa mkono wa mwanadamu. Siku moja, Sylvanus akiwa safarini, nikapekua sanduku lake la spana nikakuta kidude cha ajabu: kipande kifupi cha chuma chenye mpasuo, na ndani ya mpasuo amepitisha mkanda wa kiti cha gari, akaushona kwa uzi wa viatu. Juu kina tundu la pembe nne. Nikauzungusha mkanda kwenye mfuniko, nikachomeka msumari mkubwa tunduni mle, nikanyonga. Pipa likafunguka kama linanicheka. Basi nikakificha kwenye kibanda cha pombe, nyuma ya gunia la ulezi.

Sylvanus aliporudi akakitafuta. Alikiita mkanda wake tu, hakuniambia ni wa nini, nami sikuuliza. Aliniuliza kama nimeuona. Nikasema sijauona. Nilisema hivyo kwa sababu alikuwa amekasirika, na mimi nikikasirikiwa nakuwa mkaidi. Akapekua nyumba nzima, mwishowe akasema basi, anamjua aliyeuchukua. Nikashukuru Mungu kwamba hakunidhania mimi. Wiki tatu baadaye presha ikamwangusha shambani. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilinichukua mwaka na miezi mitatu, ikaniishia chini ya lori.

Nilitoka pale chini ya lori. Nikamwambia Eliufoo, "Fundi, asiliguse mtu lori langu mpaka nirudi."

"Shemeji, unakwenda kuleta nini?" Basili akauliza.

"Kifaa cha kufungulia pombe."

Wakacheka wote, na sikuwalaumu.

Nilipata pikapu ya mfanyabiashara wa maziwa iliyokuwa ikipanda na madebe matupu. Nikashuka njia panda, nikakimbia kupita migombani kama msichana, na mwili huu wangu si wa kukimbia. Mkanda ulikuwa palepale, nyuma ya ulezi, umekauka kwa utomvu wa ndizi. Niliurudisha mjini nimeushika kwa mikono miwili.

Saa kumi na robo nilimkuta Basili amesimama na bisibisi mkononi. Hakuwa na nyundo. Nyundo ilikuwa ndani ya sanduku, na juu ya sanduku alikuwa amekaa Eliufoo, anakula ndizi ya kuchoma bila haraka yoyote. Nilimpenda fundi yule kama ndugu wa tumbo moja.

Nikampa mkanda. Aliugeuza, akaingiza kidole katika lile tundu la pembe nne, na uso ukamfunguka. Kumbe tundu lile halikuwa la msumari. Lilikuwa la fimbo ndefu ya soketi: mkanda unakaa kule ndani kwenye filta, na mpini unazungushiwa huku nje penye nafasi. Akasema aliyetengeneza kitu hiki alikuwa fundi kuliko mafundi. Lakini alipojaribu kuuvisha, mkanda ulimponyoka mara tatu, maana mkono wake ulikuwa mnene na alikuwa anatafuta kwa macho kitu kisichoonekana.

Nikamwambia anipishe. Kibanda changu cha pombe hakina dirisha, siku zote navisha mkanda ule gizani. Nikauzungusha kwenye filta, nikauvuta, nikamwambia achomeke fimbo anyonge. Akanyonga. Ukateleza. Akanyonga tena, ukateleza tena, na nyuma yangu nikasikia Basili akiguna.

Nikakumbuka kwamba hata nyumbani, mfuniko ukiwa na utelezi, siushiki hivihivi. Nikamwomba mama anayepika chakula jirani na gereji anigawie majivu. Nikaifuta filta kwa tambara, nikaipaka majivu pande zote, na mkanda nao nikaupaka. Nikauvisha upya.

Eliufoo akanyonga polepole. Mkanda ukalia, ukajikaza, halafu nikasikia kwenye vidole vyangu kitu kikiachia, kidogo tu. Akaongeza. Filta ikazunguka. Oili nyeusi ikanitiririkia mpaka kwapani na sikutoa mkono. Nilikaa chini palepale kwenye mchanga, nikacheka huku nalia, na sikujali nani ananiona.

Eliufoo aliipaka oili mpira wa filta mpya, akaifunga kwa kiganja peke yake. Nikamuuliza kama haikazwi kwa chombo. Akasema mkono unatosha, chombo ni cha kufungulia.

Basili hakuwa akitazama filta. Alikuwa ameuokota mkanda, anaupapasa mshono wake. Nilidhani sasa atazungumza habari za lori. Akasema kwa sauti ndogo:

"Huu kaka aliutafuta mpaka kwangu. Aliniita mwizi mbele ya mke wangu. Amekufa hajasema na mimi."

Aliyedhaniwa alikuwa Basili. Wiki tatu zile ndugu wawili hawakusemezana, na mimi nilikuwa nauona ukimya wao nikadhani ni mambo ya mipaka ya shamba. Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusema nimeukuta jana. Lakini uongo ule ulikuwa umeshanila vya kutosha.

"Nilikuwa nao mimi, shemeji," nikasema. "Aliniuliza nikakataa. Niliutumia kufungulia mapipa."

Hosea akajifanya anatafuta spana. Basili alikaa kwenye kizingiti cha gereji, akaweka mkanda magotini. Nilingoja matusi, na nilikuwa tayari kuyapokea. Badala yake mabega yake yakaanza kutikisika, nikaona anacheka, na machozi yanamtoka.

"Mwaka mzima nimebeba wizi wa kitu cha kufungulia pombe," akasema. Akajifuta kwa mkono wa shati. "Aika, shemeji, asante. Sasa naweza kwenda kumsalimia."

Jumamosi lori lilipanda na watoto arobaini na wawili wamevaa nyeupe, wakiimba mpaka sauti zikakauka, na chini ya injini hapakudondoka hata tone. Basili alikaa mbele kati yangu na Hosea. Habari ya kulichukua lori hakuigusa, si siku hiyo wala baadaye. Jioni tulikwenda wote wawili kaburini, pale migombani, nikayasema tena yale yale kwa sauti, naye akasimama na kofia mkononi mpaka nikamaliza. Usiku huo nililala usingizi ambao sikuwa nimeulala tangu msiba.

Mkanda sasa unaning'inia nyuma ya kiti cha dereva, mahali pake. Jumapili mchana wageni wa kipaimara walipojaa uani, pipa la pili likakataa kufunguka. Basili akaniambia nikauchukue tu, nani ataniuliza. Nilizunguka kwanza kwa njia ya kaburini, watu wakidhani nimepotea.

"Sylvanus," nikasema, "naazima mkanda wako. Narudisha sasa hivi."