Meno ya Nanjala
Athieno hakuwa hata amemaliza salamu Nanjala alipomwelekeza kwa kidevu. "Ya Waganda, kule."

Kule ni kwenye turubai, nyuma ya soko la nafaka la Busia, upande wa Kenya. Mahindi yaliyovuka mpaka yalianikwa upya siku mbili, yawe makavu, yawe mabichi. Na lori la kununulia shule mahindi, lijalo mara moja kwa muhula, lilikuwa limeshaegeshwa. Likiondoka bila magunia yake matatu, Athieno angerudi nayo kwao Petta, Uganda, yakaliwe na fukusi.

"Mama, mahindi yangu iko kavu. Nimeanika wiki mbili. Uma."

Nanjala ndiye aliyeongoza kikundi cha wauzaji, na meno yake yaliaminiwa kuliko mashine. Punje ikilia ka! ni kavu, ikinyamaza ni mbichi. Akaiuma ya Athieno. Ka! Kila mtu akasikia.

"Mbichi," akasema.

"Imelia!"

"Imelia kwa nje tu. Waganda mnanyunyizia maji yaongeze uzito. Miaka ishirini niko hapa, utanifundisha wewe?"

"Kwanza mimi si wa kabila la Waganda. Mimi Mupadhola."

"Aliyetoka Uganda ni Mganda," akadakia Tom, mpakiaji. "Hata Kiswahili chake kimelowa!"

Watu wakacheka. Athieno akawatazama tu. Alikuwa akitazama tangu asubuhi, na jambo moja alikuwa ameliona: Nanjala huuliza gunia limetoka wapi, ndipo aume. Hakuwahi kuanza kwa kuuma.

Akafungua leso kiunoni. "Mama, nakuheshimu. Funga macho. Kama meno inajua, macho ya nini?"

Kelele zikapanda. Nanjala angekataaje mbele ya soko zima? Akafungwa leso. Tom, ambaye uhondo ulishamnogea, akachota punje kwenye magunia na kumpa moja moja.

Ka! "Kavu. Hii ni ya kwetu, ya Bumala." Ilikuwa ya Athieno.

Ya pili ikapondeka kimya. Nanjala akaitema. "Mbichi! Si niliwaambia? Hii ndiyo ya Waganda!"

Tom akakohoa. "Mama, hiyo ni ya gunia lako."

Soko likaangua kicheko. Nanjala akaivua leso, akaikunja polepole kama mtu anayetafuta neno ndani yake. "Haya, mpakieni huyu. Huyu binti si kama Waganda wengine."

Lori lilikuwa likinguruma. Wote walingoja Athieno aseme asante. Yeye akaketi juu ya magunia yake.

"Mimi ni kama wengine." Akawaonyesha kwa kidole wanawake wawili wa Uganda waliokuwa kwenye turubai. "Uma ya Aguti. Uma ya Babra. Kama hapana, yangu inabaki."

"Lori litakuacha, wewe!"

"Iniache."

Nanjala akamtazama, akamtazama dereva, akaguna, akaenda kwenye turubai. Ya Aguti wa Mukuju ikalia ka! na ikapakiwa. Alipouma ya Babra wa Paya, akageuka na tabasamu. "Hii imenyamaza."

"Haiwezekani," akasema Athieno, kabla hata hajaigusa. Watu wa Paya ni watu wa kwao, huanika vizuri, anawajua. Kisha akajisikia mwenyewe: hayo yalikuwa maneno ya Nanjala, yamehamia kinywani mwake. Akachukua punje, akauma. Kimya. Akaitafuna mpaka ikaisha.

"Mbichi," akasema, kila mtu asikie.

Babra akashika kiuno. "Athieno! Unanikana mbele ya Wakenya?"

"Dada, mbichi ni mbichi. Inabaki. Na ya mama Nanjala inabaki pia."

Tom alikuwa na gunia la Nanjala begani, mguu mmoja tayari kwenye ubao wa lori. Akasimama hivyo hivyo, akimtazama mwenye mali.

"Unaningojea nini?" Nanjala akamfokea. "Peleka kwenye turubai!"